Ndiyo, nimelipia hewa

Jumamosi iliyopita kwenye mazoezi, mpiga solo wetu, mtu ambaye vidole vyake naviheshimu ingawa mdomo wake siuheshimu hata kidogo, aliligonga kwa ukucha gitaa langu la umeme, lile lenye tumbo wazi, yaani tupu ndani. Likajibu "du", zito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akawageukia wenzake: "Debe tupu haliachi kutika. Kaka kalipia hewa huyu." Wakaangua kicheko. Mpiga dramu alicheka kuliko wote, na huyo ni mtu ambaye tangu utotoni hajawahi kupiga kitu ambacho ndani si kitupu.

Nilinyamaza kwa sababu muda wa mazoezi ulikuwa unakatika. Leo nina muda.

Kinachoniudhi ni kwamba hoja yake haikuwa ya kijinga. Anasema hivi: pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya. Inasoma mtikisiko wa chuma cha uzi, mbao haiijui. Ukishachomeka jeki, uso wa msprusi, mbao nyepesi ya magitaa, uliochongwa kwa mkono na ubao wa mlango ni sawasawa tu. Kwa hiyo aliyenunua gitaa la umeme lenye tumbo wazi, tena la bei ya juu, kanunua fanicha.

Sawa, pikapu haina masikio. Lakini huo uzi umekalia nini? Hapo ndipo mwenzangu anapoacha kufikiri na kuanza kucheka. Kwenye magitaa ya gogo, haya anayopiga yeye, yasiyo na uwazi ndani, daraja, yaani kile kipande kinachobeba nyuzi, limekazwa kwenye mbao nene nzito isiyotikisika. Ukiuchapa uzi, nguvu haina pa kwenda. Inabaki humohumo kwenye uzi, noti inadumu mpaka uichoke. Kwenye gitaa langu daraja halikufungwa kwa skrubu wala gundi. Limesimama tu juu ya uso, likikandamizwa na nyuzi zenyewe, na nyuzi zinakwenda kuishia kwenye kipande cha chuma kinachoning'inia mkiani. Uso ule ni mwembamba na unacheza. Uzi ukichapwa, uso unaunyang'anya nguvu yake papo hapo na kuitupa hewani. Noti inachanua ghafla, kisha inasinyaa.

Pikapu inasoma kile kilichobaki kwenye uzi baada ya mbao kula fungu lake. Kwa hiyo ndiyo, haiisikii mbao. Inasikia njaa ya mbao. Noti inatoka na kichwa kikubwa na mkia mfupi, na hakuna kitufe cha amplifaya kitakachoipa gogo tabia hiyo sawasawa. Nimejaribu. Nilipunguza toni, nikavalisha nyuzi bapa, zile laini zisizo na mikwaruzo, nikabana kiganja karibu na daraja. Nikapata gogo lenye mafua.

Na mkia mfupi si kasoro. Piga akodi nne katika mapigo manne, zile nene za noti tano, uone. Kwenye gogo akodi ya kwanza bado iko mlangoni inaaga wakati ya tatu inaingia, wote wanasukumana. Kwenye tumbo wazi kila moja inasema neno lake na kumpisha mwenzake. Mpiga gitaa wa jazi Charlie Christian alipojiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, akiwa na ES-150, gitaa la tumbo wazi la kampuni ya Gibson lililotoka miaka mitatu tu kabla, alipiga mistari iliyotembea kama ya saksafoni. Alifariki 1942 akiwa na miaka 25, na mpaka leo wapiga gitaa wanaazima mistari yake. Halafu Wes Montgomery, naye wa jazi, na L-5 yake ya tumbo wazi, kidole gumba badala ya kipiki, oktava zikishuka moja moja laini, kila moja na mwanzo wake na mwisho wake. Ukiurefusha mkia wa noti zile unamharibia sentensi.

Hilo la daraja kusimama bila kufungwa nililijua kwa aibu, acha niwasimulie. Wiki ya kwanza nikiwa nalo nilibadilisha nyuzi. Nikazilegeza zote sita kwa mpigo, kama nilivyozoea. Daraja likaanguka, likateleza mpaka karibu na tundu la f, mojawapo ya yale mawili ya usoni yenye umbo la herufi hiyo, likaacha mchubuko mdogo kwenye vanishi ambao bado naujua kwa kupapasa gizani. Nilipovaa nyuzi mpya, gitaa likawa limetyuniwa vizuri kwenye nyuzi tupu, lakini ukipanda shingo linatoa uongo mtupu. Ilinichukua jioni nzima kulisukuma daraja nusu milimita huku, nusu milimita kule, nikilinganisha noti ya fureti (vile vijiti vya chuma shingoni) ya kumi na mbili na mlio wa uzi ukiguswa kidogo palepale juu ya fureti hiyo. Tangu siku hiyo nabadilisha uzi mmoja mmoja, na kabla ya kuanza naweka kipande cha utepe wa karatasi pande zote za daraja.

Sasa bei. Hapa namkubalia mwenzangu, kwa shingo upande.

Gibson walitoa ES-175, nalo la tumbo wazi, mwaka 1949. Uso wake haukuchongwa. Ni plaiwudi ya mepo, mbao ngumu, iliyokandamizwa ikapinda, na jina lake lilitokana na bei yake ya mwanzo, dola 175. Lilikuwa gitaa la mfanyakazi, la kupiga usiku na kurudi nalo nyumbani. Magwiji wa jazi walilipiga. Jim Hall alilipiga. Joe Pass alilipiga. Pat Metheny alilipiga kwa miaka na miaka. Yaani ile sauti ya mviringo, yenye giza kidogo, ambayo mtu akifumba macho anasema "hii ndiyo jazi", sehemu yake kubwa imetoka kwenye plaiwudi. Wanaokuuzia ndoto ya mbao adimu huwa hawalitaji hilo. Plaiwudi ni ngumu, haichezi sana, kwa hiyo inavumilia amplifaya kuliko msprusi. Ukitaka sauti ile kwa kazi ya jukwaani tu, usimwage pesa zako kwenye uso wa kuchongwa. Mimi nisingekukataza ukanunue la plaiwudi kesho.

Basi mimi nimelipia nini? Fundi anachukua mbao mbili nene, anaziunganisha katikati, halafu anachonga mgongo wa kobe, nje na ndani, sehemu kubwa ya mbao ikiishia sakafuni kama maranda. Kila mara anasimama, anagonga, anasikiliza, anakwangua tena. Siku za kazi ndizo zinazopandisha bei, na jina lililoandikwa kichwani linapandisha mara nyingine kwa sababu ambazo sina haja ya kuzitetea.

Ninachopata ni nafasi kati ya mguso mdogo na mguso mkubwa. La plaiwudi nililokuwa nalo zamani lilikuwa na sauti mbili: ndogo na kubwa. Hili lina ngazi nzima. Nikiligusa kama navuka kitanda cha mtoto aliyelala, linasema. Nikilichapa, halipasuki sauti, linaongeza tu. Tena pikapu yake imening'inizwa kwenye ncha ya shingo, uso haukukatwa hata tundu moja kwa ajili yake. Bila umeme wowote, saa sita za usiku, mgongo wake unatetema kifuani na najua kidole kipi kinadanganya. Kwenye gogo bila waya ningejua nini? Kwamba nina nyuzi. Na mkono uliofundishwa usiku ndio huohuo ninaokwenda nao jukwaani. Hapo ndipo hoja ya sumaku inaponichekesha, maana pikapu haisomi mbao, lakini inausoma mkono wangu, na mkono umelelewa na mbao.

Haya, fidibeki, ule mlio wa gitaa kujisikia lenyewe kwenye spika. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na debe langu likiwekwa mbele ya amplifaya ya besi linajivumisha lenyewe bila ruhusa yangu. Tumbo lina noti yake ya asili, na kila besi akiigusa noti ile gitaa linaanza kuimba peke yake, sauti inapanda mpaka fundi mitambo anakutazama kama mwizi. Katika onyesho moja nilimalizia wimbo nikiwa nimesokomeza leso kwenye tundu moja na soksi kwenye la pili. Soksi, ndiyo. B.B. King, gwiji wa bluzi, naye aliwahi kuziba matundu kwa vitambaa, na Gibson walipomtengenezea gitaa la jina lake, Lucille, wakalitoa bila matundu kabisa. Tangu 1958 ipo ES-335, yenye gogo la mepo katikati na mbavu wazi, kwa watu wenye busara na bendi zenye kelele. Kama bendi yako ni ya kelele, nunua hiyo na usinitafute.

Kuhusu wanaoyafungia magitaa haya kwenye sanduku wakisubiri bei ipande, sina cha kusema nao. Wangenunua kiwanja.

Nimeandika yote haya nikiwa na hasira ya Jumamosi, nikapanga nimsomee mwenzangu aya moja baada ya nyingine. Jana usiku akanipigia. Kuna wimbo wa polepole wanarekodi Ijumaa, anasema noti za gitaa lake "hazijui kuondoka", zinamfunika mwimbaji. Akakohoa kidogo. "Kaka, lile sanduku lako Ijumaa lina kazi?"

Nikamwambia halina, aje na debe la kubebea hewa.