Maisha ya kibarua hayawezi kuishia milioni moja

Wiki iliyopita tulimzika kijana wa mtaani kwetu aliyeanguka kutoka ghorofa ya nne kwenye mjengo hapa Nairobi. Kontrakta alituma mchele, pesa za jeneza na mtu wa kusema pole. Huyo mtu alimwinamia mama wa marehemu akamwambia, "Mama, hii ilikuwa ajali tu." Hasira iliyonishika haijaniisha.

Wenzake walinionyesha alipokuwa amesimama: mbao mbili juu ya miti, pembeni hakuna cha kushika, mkanda hakuna. Helmeti walikatwa mshahara kuzinunua, ilhali sheria inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi vifaa vya kinga.

Sasa someni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mtu akifa au akiumia kwa sababu sheria hiyo imevunjwa, mwenye eneo la kazi hutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au hufungwa kwa muda usiozidi miezi 12. Isiyozidi! Anayejenga ghorofa nane hutumia zaidi ya hiyo kwa saruji peke yake. Akipiga hesabu ya jukwaa la vyuma, mikanda na msimamizi wa usalama, anaona heri angoje faini, ambayo huenda isije. Tumeifanya roho ya mtu kuwa gharama ya ujenzi. Mwaka huohuo wa 2007, Uingereza ilipitisha sheria ya kuzishtaki kampuni kwa kuua kwa uzembe, na faini yake haina kikomo.

Nakubali, shingo upande, kwamba iko fidia ya WIBA, sheria ya kuwafidia wanaoumia au kufa kazini, na kwa kifo ni mshahara wa miezi 96. Lakini kibarua hulipwa jioni mkononi, jina lake haliko popote, na siku ya msiba kontrakta anasema hamjui. Kwa hiyo nyinyi mlio mjengoni, pigeni picha za majukwaa, wekeni jumbe za malipo ya M-Pesa, na jamaa wa marehemu wawasilishe madai kabla ya miezi 12 kwisha.

Maafisa wa ukaguzi wanaweza kusimamisha kazi yenye hatari. Waisimamishe kabla hatujachimba kaburi. Na Bunge liondoe hicho kikomo cha milioni, kisha mwenye kampuni apandishwe kizimbani yeye mwenyewe, asitume nyapara kujibu kwa niaba yake.