Maji Yapimwe Kabla ya Mwamba Kupasuliwa

Sheria ya Petroli ya 2019 ilipokuwa ikijadiliwa, kelele kubwa ilikuwa ya mgao wa mapato ya mafuta. Serikali kuu ikapata asilimia 75, kaunti 20, na jamii inayoishi penye kisima 5, baada ya mvutano mrefu kama jamii hiyo ipewe 10. Pesa ni muhimu, sikatai. Lakini hakuna mgao unaoweza kusafisha maji yaliyokwisha kuharibika chini ya ardhi. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: kanuni za fraking, yaani kupasua mwamba wa chini kwa maji ya shinikizo ili utoe mafuta au gesi, ziandikwe na kuchapishwa kabla mtu hajaomba leseni ya kuifanya Kenya, na ya kwanza kabisa iwe ya kupima visima vya maji kabla ya kazi kuanza.

Sisi wa Mombasa hili latuhusu zaidi ya tunavyodhani, kwa kuwa maji matamu ya mfereji si ya kisiwani. Hutoka Mzima, zaidi ya kilomita 200, kwenye chemchemi zinazolishwa na mvua iliyopenya mawe ya volkeno ya vilima vya Chyulu. Hutoka Baricho, kwenye visima vya mchanga wa kando ya mto Sabaki, na Marere na Tiwi upande wa Kwale. Ni maji ya ardhini, ya majirani zetu. Mfereji ukikauka, kinachobaki ni mkokoteni wa mitungi na visima vya chumvi.

Kuna jambo linalochanganywa sana barazani. Mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa 2012, yamo kwenye mwamba wa mchanga wenye vitundu, na tatizo lake ni nta: yakipoa yanaganda, ndiyo maana yaliletwa Changamwe kwa malori yenye matangi yanayotunza joto hadi shehena ya kwanza ikasafirishwa Agosti 2019. Mpango wa kuyatoa kwa wingi ni kusukuma maji ardhini pole pole ili mafuta yasogee kuelekea kisima. Hiyo si fraking.

Fraking ni ya mwamba wa udongo ulioshikana, usiopitisha kitu. Kisima huteremka wima kilomita mbili au tatu, kisha hupindishwa na kulala ndani ya tabaka hilo kwa kilomita moja, mbili au zaidi. Bomba la chuma huingizwa, saruji hujazwa kati ya bomba na mwamba, bomba hutobolewa kwa baruti ndogo, ndipo maji, mchanga na kemikali husukumwa kwa nguvu mpaka mwamba upasuke. Mchanga huingia kwenye nyufa na kuzizuia zisijifunge. Kisima kimoja hula maji lita milioni 10 hadi 40, mara nyingine zaidi. Kemikali ni kama asilimia moja tu, na wenye kampuni hupenda kulitaja hilo. Asilimia moja ya lita milioni 20 ni lita 200,000.

Nyufa zenyewe, kilomita mbili chini, mara chache ndizo huharibu maji. Madhara huja kwa njia za kawaida zaidi. Ya kwanza ni saruji: ikishika vibaya upande mmoja wa bomba, gesi hupanda kwenye mwanya huo hadi kwenye maji ya watu. Ya pili ni juu ya ardhi, mahali kemikali humwagika na mabwawa huvuja. Ya tatu ni maji yanayorudi, ambayo huweza kuwa na chumvi mara kadhaa ya bahari, pamoja na metali za bariamu na radiamu, hii ya pili ikiwa na mionzi, kutoka kwenye mwamba. Kwingi Marekani hurudishwa kwenye visima vya kutupia, na huko Oklahoma utupaji huo ulihusishwa na tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.8 mwaka 2016.

Saruji hupimika. Chombo cha sauti huteremshwa ndani ya bomba: penye saruji iliyoshika, sauti hufifia, penye mwanya, bomba hulia kama kengele. Kanuni iseme rekodi ya kipimo hicho ipelekwe kwa EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kabla ya kupasua, na bomba lijazwe shinikizo kwa nusu saa bila kushuka zaidi ya asilimia 10. Lisilofaulu lisitumike. Kanuni isiyo na namba ni ya kubishaniwa mahakamani tu. Uingereza waliweka namba: mtetemo wa ardhi wa ukubwa wa 0.5, kazi isimame. Kulipotokea wa 2.9 huko Lancashire Agosti 2019, Novemba serikali ikasimamisha fraking yote. Ufaransa iliipiga marufuku 2011.

Tukingoja kampuni ziingie ndipo tuandike, tutaandika pamoja nazo. Marekani mwaka 2005 Bunge lilitoa fraking nje ya sheria ya maji salama ya kunywa, isipokuwa ikitumia dizeli, na msamaha huo haujaondolewa mpaka leo.

Cha kuiga kutoka kwao ni kifungu cha Pennsylvania cha 2012: maji yakiharibika ndani ya futi 2,500 za kisima, takriban mita 760, katika miezi 12, mchimbaji huhesabiwa ndiye aliyeyaharibu mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo yeye mwenyewe hukimbilia kupima kabla.

Mombasa yajua gharama ya kukosa kifungu kama hicho. Katika mtaa wetu wa Owino Uhuru, sheria ya mazingira ya 1999 ilikuwepo kabla ya kiwanda cha kuyeyusha risasi, metali ya betri yenye sumu, kufunguliwa. Watu walilazimika kutafuta wenyewe ushahidi kwenye damu ya watoto wao, na hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 ilikuja Julai 2020, ikafuatwa na rufaa.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kila kisima na chemchemi ndani ya kilomita moja ipimwe mara mbili, kiangazi na masika: chumvi, bariamu, strontiamu na gesi ya methani. Methani ichunguzwe na aina ya kaboni yake, kwani ya tope la juu hutofautiana na ya mwamba wa kina. Bila hivyo kampuni itasema gesi ilikuwepo tangu zamani. Sampuli ya gesi isichukuliwe kwa ndoo, kwa sababu methani huruka. Chupa ijazwe na kufungwa chini ya maji. Mwombaji leseni alipe, maabara isiyo yake ipime, na nakala yenye muhuri akabidhiwe mwenye kisima siku ileile inapofika kwa NEMA, mamlaka ya mazingira.