Tiba ya homa ya ini C imfuate mzee kijijini

Homa ya ini C inapona. Ni vidonge vya wiki 8 au 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaovimaliza hupona kabisa. Sofosbuvir, mojawapo ya dawa hizo, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2013, kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000. Bunge likatoa fedha, na tangu 2016 idara inayohudumia wanajeshi wa zamani inamtibu kila aliyesajiliwa kwake, bila kungoja ini liharibike kwanza. Zaidi ya watu 100,000 wameshatibiwa. Kazi hiyo naipongeza kwa moyo wote.

Ninayemuwaza mimi ni mzee Mweusi aliyepigana Vietnam na sasa anaishi vijijini Alabama. Enzi za interferon, dawa ya zamani ya ugonjwa huu, mtu kama huyu alidungwa sindano kila wiki kwa karibu mwaka mzima. Homa, maumivu ya mwili, usiku bila usingizi, na mwisho wake anaambiwa virusi bado vimo. Wagonjwa Weusi walipona wachache kuliko Wazungu, na mwaka 2009 watafiti wakagundua kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na jeni. Hakuwa mzembe. Vidonge vya sasa vinamponya kama wengine, lakini nani amempigia simu kumweleza hayo?

Tena asiniambie mtu kwamba wazee hawa hawataki tiba. Hospitali ya wanajeshi Weusi wa zamani ilifunguliwa Tuskegee, katika kaunti ya Macon huko Alabama, mwaka 1923. Katika kaunti hiyohiyo, kuanzia 1932 hadi 1972, serikali iliwaangalia wanaume Weusi wakiugua kaswende bila kuwatibu, ingawa penisilini ilikuwepo tangu miaka ya 1940. Anayesitasita ana sababu, na jukumu la kurudisha imani ni la serikali.

Njia zipo. Mradi wa ECHO ulioanzia New Mexico mwaka 2003 ulionyesha kuwa wahudumu wa kliniki za vijijini, wakishauriana na mabingwa kwa video, wanatibu ugonjwa huu sawa na hospitali ya chuo kikuu. Basi damu ipimwe kanisani baada ya ibada, vidonge viende kwa posta, na mfamasia afuatilie kwa simu ya kawaida, maana intaneti huko ni ya shida. Pia walioondolewa jeshini kwa hati mbaya, inayoweza kumnyima mtu huduma za idara hiyo, adhabu iliyowaangukia Weusi zaidi wakati wa Vietnam, wapimwe na kutibiwa wakati rufaa zao zikisikilizwa.