Aliyepandikizwa mapafu msimwongezee kinga

Ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila msimu wa mafua mnaujua: tangawizi, kitunguu saumu, unga wa mlonge, asali, kamulia ndimu, kunywa asubuhi na jioni, kinga inapanda. Mtu mzima mwenye mafua yake akiunywa sina ugomvi naye. Kinachoniudhi ni pale ujumbe huo unapotumwa kwa mtu aliyepandikizwa mapafu, tena na ndugu wa damu, na nyuma yake linakuja kopo la vidonge vya "kuongeza kinga" lililonunuliwa kwa bei ya kutisha. Mtu huyo anameza dawa kila siku ili kinga yake ishuke. Ndiyo kazi ya dawa hizo. Kwa mapenzi yake yote, anayemletea kopo hilo anavuta kamba upande wa pili.

Kinga ya mwili haijui kwamba pafu jipya limeletwa kwa heri. Inaliona ni geni, inalishambulia kama inavyoshambulia kijidudu. Mapafu yana shida kuliko figo au ini, kwa sababu yako wazi kwa hewa: kila pumzi inaingiza vumbi, moshi na vimelea, kwa hiyo kinga ya eneo hilo haipati kulala. Pandikizo la kwanza la pafu kwa binadamu lilifanywa Mississippi, Marekani, mwaka 1963, na daktari James Hardy. Mgonjwa aliishi siku 18. Kwa karibu miaka 20 baada ya hapo wagonjwa wengi walikufa ndani ya siku au wiki chache, wengine kwa maambukizi, wengine kwa mwili kulikataa pafu, wengine kwa mshono wa bomba la hewa kushindwa kushika. Mafanikio ya kudumu yalikuja Toronto, Kanada, mwaka 1983, mikononi mwa timu ya Joel Cooper, na mgonjwa yule aliishi zaidi ya miaka sita. Ustadi wa kushona ulichangia. Lakini bila dawa mpya ya wakati ule ya kushusha kinga, saiklosporini, ustadi huo usingefika mbali.

Leo wengi wanatumia dawa tatu za kushusha kinga kwa pamoja: takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Juu yake kuna za kuzuia maambukizi, kama septrini kwa ajili ya aina fulani ya nimonia, na kwa miezi ya mwanzo dawa ya kuzuia virusi vya saitomegalo na mara nyingi ya kuzuia kuvu. Hizo tatu za kwanza ni za maisha. Mtu anaweza kupunguziwa dozi, au kubadilishiwa moja kwa nyingine. Siku ya kumaliza dozi haipo.

Takrolimasi ndiyo inayotaka adabu kubwa zaidi. Nafasi kati ya kiwango kidogo mno na kikubwa mno ni finyu. Miezi ya mwanzo vituo vingi vinataka nanogramu 10 hadi 15 kwa kila mililita ya damu, halafu wanashusha taratibu. Ikipungua, pafu linashambuliwa. Ikizidi, figo zinaumia, mikono inatetemeka, shinikizo la damu na sukari vinapanda. Inamezwa kila baada ya saa 12, na kipimo cha damu kinachukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kabla ya kumeza nyingine. Sasa angalieni asubuhi ya kwenda kupima. Mgonjwa anameza saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Mama mkubwa anamwambia, "Mwanangu, meza dawa kwanza ndipo utoke, huko hospitali kuna foleni." Akitii, damu itaonyesha kiwango cha juu ambacho si cha kweli. Daktari atapunguza dozi. Baada ya wiki moja mgonjwa yuko chini ya kiwango na hana habari. Siku ya kipimo kidonge kinasafiri mfukoni, kinamezwa damu ikishatolewa, na karatasi inaandikwa saa ya dozi ya jana.

Kiwango hicho kinategemea vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyoivunja takrolimasi. Chochote kinachovizuia kinapandisha dawa, na chochote kinachovichochea kinaiangusha. Balungi linavizuia. Furungu na danzi ni wa ukoo huohuo, na hata jemu ya danzi haifai. Glasi moja ya juisi ya balungi inaweza kuvuruga vimeng'enya vya utumbo kwa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo kutenganisha saa ya juisi na saa ya dawa hakusaidii. Chungwa la kawaida tamu halina shida hiyo.

Hapa nakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Kipande cha tangawizi kwenye chai, kitunguu saumu kwenye mchuzi, mboga ya majani ya mlonge mezani: hicho ni chakula, na chakula cha kawaida kwa kiasi cha kawaida si cha kuogopwa. Ugomvi wangu ni pale mmea uleule unaposagwa, ukakolezwa, ukawekwa kwenye kapsuli au kumezwa kwa kijiko mara tatu kwa siku. Hakuna aliyepima kopo lile pamoja na takrolimasi. Muuzaji hajui, wewe hujui, daktari hajaambiwa. Na kama kweli linaongeza kinga kama karatasi yake inavyojigamba, basi ndiyo sababu tosha ya kulirudisha dukani. Mtu akiniambia "ni dawa ya asili, haina madhara", ninachomwomba ni jibu la swali moja: inafanya nini kwa kiwango cha takrolimasi? Asipokuwa na jibu, asimpe ndugu yake.

Haya ya mitishamba yanasemwa walau. Duka la dawa la mtaani halisemwi, nalo lina hatari kubwa zaidi. Mgonjwa amerudi nyumbani likizo kutoka Ujerumani au Kanada, koo linauma, kijana anakimbizwa dukani kununua antibayotiki. Akija na klarithromaisini au erithromaisini, takrolimasi inapanda. Flukonazoli ya fangasi vilevile. Azithromaisini haina kishindo hicho, ndiyo maana madaktari wa mapandikizi huichagua mara nyingi. Mgongo ukiuma analetewa diklofenaki au ibuprofeni, ambazo kwetu zinauzwa kama pipi, na figo ambazo tayari zinabanwa na takrolimasi zinabanwa mara ya pili. Kwa maumivu, paracetamol ndiyo salama zaidi. Lakini hata hiyo isitumiwe kuficha homa: kipimajoto kikigonga nyuzi 38, simu kwa kituo chake inatangulia.

Na kuna rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Hii tuiangalie kwa makini, maana kifua kikuu kwetu si ugonjwa wa kusimuliwa. Rifampisini inachochea vile vimeng'enya kwa nguvu ambayo dawa chache zinaifikia. Ndani ya siku chache takrolimasi inaporomoka, na dozi hulazimika kuongezwa mara kadhaa ili kiwango kisimame. Matibabu yakiisha hatari inageuka: vimeng'enya vinachukua kama wiki mbili kurudi hali yao, na dozi ile kubwa isiposhushwa kwa vipimo vya karibu inageuka sumu. Ndiyo maana mara nyingi rifabutini, dawa ya ukoo huohuo, huchukua nafasi yake. Mtu aliyekulia Afrika Mashariki anapimwa kifua kikuu kilicholala kabla hajaingia kwenye orodha ya kusubiri pafu, na akikutwa nacho anapewa tiba, mara nyingi isoniazidi pamoja na vitamini B6. Kwa hiyo akija kuugua kifua kikuu akiwa huku, kliniki iambiwe siku ya kwanza kabisa kwamba ana pafu la kupandikizwa. Wasianze dozi ya kawaida kisha kuuliza baadaye.

Kuna jambo la pafu lenyewe ambalo familia nyingi hazielezwi. Linapopandikizwa, mishipa ya fahamu inakatwa na haishonwi. Chini ya mshono mgonjwa hahisi makohozi yanapojikusanya, wala hayamlazimishi kukohoa. Anapaswa kukohoa kwa makusudi, kwa ratiba, hasa wiki za mwanzo. Basi mkimsikia anakohoa chumbani asubuhi, msikimbilie kumpa sharubati ya kuzuia kikohozi.

Kwa kuwa hahisi vizuri, anakuwa na spirometa ndogo ya nyumbani, kifaa cha kupima pumzi. Anakaa wima, anabana pua, anavuta pumzi hadi mwisho, anafunga midomo kwenye mdomo wa kifaa pasivuje hewa, kisha anapuliza kwa nguvu zote na kuendelea hadi sekunde sita au zaidi. Anarudia mara tatu, anaandika namba iliyo kubwa kuliko zote, saa ileile kila siku. Namba inayotazamwa ni kiasi cha hewa kinachotoka sekunde ya kwanza. Ikishuka asilimia 10 chini ya kawaida yake na ikabaki huko siku mbili, anapiga simu, hata kama anajisikia mzima na jana alicheza taarabu. Mwili unaweza kulikataa pafu bila homa, bila maumivu, bila chochote. Ndani ya miaka mitano karibu nusu ya waliopandikizwa mapafu wanapata hali sugu ambayo pafu linapoteza uwezo na haurudi wote. Ndiyo maana vituo vinaingiza kamera ya bronkoskopi na kuchukua vipande vya pafu kupima hata mtu akiwa mzima. Kumwambia "umeshapona, unajitesa bure kurudi hospitali" ni kumwondolea mlinzi pekee aliye naye.

Wageni nao. Mwenye mafua asije, apige simu ya video, na hilo si kukosa heshima. Udi na ubani vizimwe siku akifika, hata kama nyumba nzima imezoea. Jiko la mkaa litoke nje. Asifagie banda la kuku, asigeuze mbolea, asichambue mahindi yenye ukungu, kwa sababu kuvu la aspajilasi linaingia kwa pumzi na likishika pafu lililoshushiwa kinga linaua. Maziwa yachemshwe. Mayai na nyama viive hadi ndani. Waliopandikizwa mapafu yote mawili wengi hukatwa kifua kutoka upande mmoja hadi mwingine pamoja na mfupa wa katikati, na mfupa huo unataka wiki 6 hadi 12, kwa hiyo ndoo ya lita 10 asiiguse, na mnapomsaidia kuinuka kitandani msimvute kwa mikono. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, haruhusiwi. Asafiri na barua ya daktari ya kumsamehe.

Wema wa haraka unawaumiza hata wasiofika kwenye upandikizaji, nao ndio wengi. Mzee mwenye mapafu yaliyoharibika kwa sigara au kwa miaka ya moshi wa kuni yuko kwenye mashine ya oksijeni, imewekwa lita mbili kwa dakika. Mjukuu anaona babu kachoka, anapandisha hadi tano. Baadhi ya wagonjwa hao wanahifadhi hewa chafu mwilini, na oksijeni ikizidi wanaanza kusinzia kisha kuzimia. Kwao kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinatakiwa kukaa kati ya asilimia 88 na 92, na 98 si habari njema. Kitufe kile kiliwekwa chini kwa sababu, kama kinga ya yule mwingine ilivyowekwa chini kwa sababu.

Wahubiri na masheikh wetu nawaomba jambo moja. Ibada ya shukrani iwepo, watu waje, wapike. Lakini msimsimamishe mtu mbele ya umma na kumtangazia kwamba hahitaji tena dawa. Anayeacha takrolimasi leo anaweza kuwa anapoteza pafu ndani ya wiki chache, na mkutano wenu utakuwa umeshahamia mji mwingine.

Na hili linawahusu pia waliopandikizwa figo, ambao tunao mitaani. Muhimbili ilianza mwaka 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, na dawa ni zilezile. Kamati za michango zinahesabu tiketi, upasuaji na nyumba ya kukaa huko nje, zinavunjwa siku mgonjwa anashuka uwanja wa ndege. Kamati isivunjwe. Ihesabu takrolimasi ya mwaka mzima na akiba ya mwezi mmoja nyumbani. Ihesabu vipimo vya damu, na ijue ni maabara ipi inaweza kupima kiwango cha takrolimasi na majibu yanachukua siku ngapi. Iulize kama dawa inayopatikana hapa ni ya kumeza mara mbili kwa siku au ile ya kutoka polepole ya mara moja, kwa sababu hazibadilishwi moja kwa nyingine kwa kuangalia miligramu tu. Na namba ya simu ya kituo chake ibandikwe mlangoni mwa friji, ili anayekuja na kopo, sharubati au antibayotiki apige kwanza.