Acheni trei za mayai, tafuteni mablanketi

Ukiingia studio nyingi za nyumbani hapa Goma, kuanzia Majengo hadi Ndosho, utakuta ukuta uleule: trei za mayai zimebandikwa kwa gundi, nyingine zimepakwa rangi nyeusi ili zipendeze. Nawaheshimu wanaozibandika, maana wanatafuta sauti safi kwa pesa kidogo waliyo nayo. Ila trei hizo hazisaidii, na inaniuma kuona kijana anahangaika kuzikusanya duka kwa duka akidhani anajenga studio.

Karatasi ile ni nyembamba na nyepesi. Sauti nzito inapita bila kizuizi, sauti nyembamba inapungua kidogo tu. Tena inashika moto haraka. Chumba chenye waya za kuungaunga, na mshumaa unaowashwa kila umeme ukikatika, mimi nisingekubali mtoto wangu alale humo.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuzuia kelele za nje zisiingie, na kutuliza sauti inayorukaruka ndani. Hilo la kwanza linataka uzito na kuziba kila mwanya. Nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, kama nyingi zilizojengwa baada ya lava ya Januari 2002 kufunika sehemu ya mji, haitaweza, na hakuna blanketi litakalozuia honi ya pikipiki. Hapo dawa ni kuchagua saa. Rekodi usiku au alfajiri, pikipiki zikipungua. Mvua ikianza kupiga mabati, weka mikrofoni chini, vaa kaski, yaani spika za masikioni, endelea na kazi nyingine.

Hilo la pili ndilo tunaloweza kulishinda kabisa, na ndilo linaloharibu nyimbo zetu zaidi. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu cha saruji usikilize. Ule mlio unaotetema baada ya kofi unaingia kwenye kila neno la mwimbaji, na ukishaingia hakuna programu itakayoutoa wote.

Mtu aliyeupima kwa mara ya kwanza jinsi inavyopaswa alikuwa mwalimu kijana wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Wallace Clement Sabine. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilibaki hewani zaidi ya sekunde 5, hata wasikilizaji hawakuelewa mhadhara. Vifaa vyake vilikuwa bomba la kinanda, saa, na masikio yake. Usiku alihamisha matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akayapanga humo, akapima. Akaongeza mengine, akapima tena. Aligundua kwamba hata nguo alizovaa zilibadilisha hesabu. Matakia na nguo! Kazi hii ilianza na vitu vilivyojaa kwenye masoko yetu.

Kanuni aliyotuachia ni nyepesi: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa eneo linalomeza sauti, yaani eneo la kila upande mara asilimia inayomeza. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5, saruji pande zote. Saruji inameza asilimia 3 hivi tu ya sauti inayoigonga, kwa hiyo mwangwi unakaa kama sekunde 2 na nusu. Weka humo mita 6 za mraba za kitu kinene na laini, mwangwi unashuka hadi karibu nusu sekunde. Mita 6 tu, si chumba kizima.

Neno kubwa hapo ni "kinene". Wimbi la sauti la hezi 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 34 hivi. La hezi 100 linakaribia mita 3 na nusu, na wimbi likiwa refu linataka kitu kinene zaidi. Sponji ya sentimita 2 inameza matoazi na herufi "s", basi. Sauti ya kiume kifuani haiguswi, na wimbo unatoka mzito kama umeimbiwa ndani ya pipa. Halafu utasikia, "Yaya, mikro yangu ni mbaya." Mikro haina kosa, inasema ukweli kuhusu chumba.

Kwa hiyo mwone seremala akutengenezee fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10 au 15. Nenda kwa wauza mitumba, uombe zile zisizouzika: sweta zilizotoboka, makoti yaliyochanika, mablanketi yaliyochoka. Zikunje, zijaze fremu bila kuzishindilia, halafu funika kwa kitambaa. Kabla ya kununua kitambaa, kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita, kinafaa. Plastiki usiiguse. Simamisha fremu sentimita 10 mbali na ukuta, kwa sababu pale ukutani kabisa hewa haitembei, na nguo inameza sauti pale tu hewa inapopenya ndani yake. Nafasi hiyo ya nyuma inakupa sauti nzito zaidi kumezwa, na hailipiwi hata franka moja. Zilizobaki zisimamishe kwenye pembe, maana besi hujikusanya huko.

Wenye nyumba za mbao wasijidharau. Ukuta wa mbao hutikisika na kuachia besi itoke nje. Jirani atalalamika, lakini ndani besi haivimbi kama kwenye villa ya Himbi iliyopigwa plasta kila upande. Nimesikia ngoma ikikaa vizuri zaidi Majengo kuliko kwa tajiri.

Halafu mahali pa kuweka. Wengi wanafunika ukuta ulio nyuma ya mikrofoni. Mikrofoni nyingi za kuimbia husikia mbele na kupuuza nyuma, kwa hiyo ukuta unaoingia kwenye rekodi ni ule ulio mgongoni mwa mwimbaji. Blanketi la kwanza liende huko. Mwimbaji asogelee mikrofoni, abaki sentimita 15 au 20 tu mbali nayo. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yake inapanda desibeli 6 juu ya mwangwi.

Na kitanda kisitolewe. Vijana wanakitoa ili chumba kifanane na studio za kwenye video, wanabaki na saruji tupu. Godoro ni nene, laini, na tayari limelipiwa. Liache, au lisimamishe mgongoni mwa mwimbaji wakati wa kurekodi. Pesa ya kondensa mpya, ile mikrofoni inayonasa hata sauti ndogo, ambayo itausikia mwangwi wa chumba hata zaidi, itumike kwanza kwa seremala na kwa mama wa mitumba.