Karakana ya chuma au ya mawe? Ploti ndiyo inayoamua

Wauzaji wa majengo ya chuma, kuanzia Barabara ya Mombasa hadi Ruiru, wana hoja tatu wanazomrudia kila mteja anayetaka karakana: chuma ni nafuu kuliko mawe, kinasimama haraka, na ukihama unahama nacho. Ya pili ni kweli. Ya kwanza ni kweli kwa majengo fulani tu, na ya tatu hugeuka uongo siku fundi anapowasha mashine ya kuchomelea. Upande wa pili wamo wasioamini kabisa kwamba mabati ni jengo. Kwao mjengo ni mawe ya machimbo ya Ndarugo. Kingine chochote ni kibanda. Dharau hiyo inashangaza kidogo katika Nairobi, mji ulioanza mwaka 1899 kama kituo cha reli, wenye mahema na vibanda vya mabati, na ambao mafundi wake wa Kamukunji wamekuwa wakiunda masanduku ya wanafunzi wa bweni chini ya paa la bati.

Msimamo wangu nautoa mapema. Chuma kina zawadi mbili ambazo mawe hayawezi kuzitoa: uwazi wa ndani usio na nguzo, na uwezo wa kufunguliwa na kupelekwa kwingine. Ikiwa shughuli yako haihitaji hata moja kati ya hizo, jenga kwa mawe. Ukizihitaji, lipia chuma, lakini hakikisha umezipata.

Tuanze na uwazi. Fremu ya chuma iliyochorwa vizuri huvuka mita 12, 20, hata 30 bila nguzo katikati. Kwa fundi wa mageti hilo si anasa. Mabomba ya mraba huuzwa yakiwa na urefu wa mita 6, na mtu anayegeuza bomba la mita 6 mara kumi kwa siku hataki kugonga nguzo wala mgongo wa mwenzake. Anayetengeneza mabodi ya lori anahitaji lori liingie, lizungukwe na watu, na litoke bila kuhamisha meza za kazi. Anayetaka kreni ya kuinulia injini anahitaji nguzo zilizokokotolewa kubeba uzito huo tangu siku ya kwanza. Hilo mhandisi aambiwe kabla hajashika kalamu, kwa sababu kuiongeza baadaye, katika jengo la chuma au la mawe, ni kazi ya kubomoa na kuomba Mungu.

Sasa itazame ploti yenyewe. Wengi wetu tuna ile ya hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, takriban mita 15 kwa 30. Toa nafasi inayotakiwa pembeni na mbele, toa njia ya lori, na jengo linabaki na upana wa mita 9 au 10. Upana huo huvukwa na kenchi za chuma zilizokaa juu ya kuta za mawe, kazi ambayo fundi yeyote mzoefu wa Nairobi ameshaifanya kwenye kanisa au ukumbi fulani. Fremu inayoweza kuvuka mita 20 hapo haikusaidii kitu. Picha za majengo makubwa ya Marekani zinazosambaa mitandaoni zinapendeza, ila ni za watu wenye ekari, na mengi yalikokotolewa kubeba theluji. Paa letu linahitaji kushindana na upepo unaotaka kulibeba juu na mvua ya Aprili inayotafuta tundu la skrubu.

Bei ndipo mjadala unapovurugika zaidi. Tangazo linataja bei kwa futi ya mraba, mteja anazidisha kwa haraka, anaona amepata nafuu kubwa. Ulizia kilichomo. Mara nyingi ni fremu, mabati na kazi ya kusimamisha. Msingi haumo, sakafu haimo, stima haimo. Na huko chini ndiko pesa za karakana zinakomezwa.

Ruai, Kamulu, Syokimau na Kitengela zimekaa juu ya udongo mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Kuna imani kwamba jengo jepesi halihitaji kuuogopa. Mambo ni kinyume. Nyumba nzito ya ghorofa hukandamiza udongo huo kwa uzito wake. Kibanda chepesi huinuliwa upande mmoja msimu wa mvua na kushushwa msimu wa jua, mpaka mlango wa kuteleza unagoma kufunga. Dawa inajulikana: udongo huo unachimbwa na kuondolewa, shimo linajazwa mawe na moramu na kushindiliwa kwa tabaka. Malori ya kuubeba hayaulizi kama juu utaweka chuma au mawe. Kisha sakafu. Ya kukanyagwa na watu tu inaweza kutosheka na zege la milimita 100, lakini ya karakana yenye mashine nzito au gari hutaka milimita 150 na wavu wa chuma wa BRC ndani. Aliyejenga upande wa Kikuyu au Kiambu, kwenye udongo mwekundu, hutumia kidogo zaidi hapo chini, na ndiyo maana bei za jirani yake wa Ruai zinamshangaza.

Kwa hiyo jumla ya gharama hupungua kwa kiasi kidogo kuliko tangazo linavyodokeza, na jengo likiwa dogo, tofauti inaweza kutoweka kabisa. Likipanuka, chuma huanza kushinda, kwa sababu kuta ndefu za mawe zinahitaji nguzo za zege na ringi bimu, yaani mkanda wa zege unaozunguka kuta, na hizo zina nondo zake, mbao zake na siku zake.

Kuhusu kasi, wauzaji wako sahihi, na sababu yake inafaa kueleweka. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28. Wakati msingi unakauka, fremu zinakatwa na kutobolewa mahali pengine, zinapakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha zinaletwa na kusimamishwa kwa siku chache. Kazi ya mawe haiwezi kugawanywa hivyo. Kila mstari unasubiri ulio chini yake. Mwenye mkataba wa kuanza kazi tarehe fulani anajua thamani ya hilo. Asiye na haraka hana sababu ya kuilipia.

Tuje kwenye kuhama. Mafundi wengi wa mji huu wanafanya kazi kwenye ardhi ya kukodi, na kwao hoja hii ina uzito kuliko zote. Kodi ikipanda au mwenye ploti akiuza, kuta za mawe zinabaki kwake na jasho lako ndani. Fremu ya chuma unaipakia. Sharti ni kwamba iwe imefungwa kwa bolti, kwenye maungio na pale nguzo inapokutana na msingi. Lakini fundi wa hapa anapenda kuchomelea palepale juu ya ngazi, kwa kuwa ni rahisi na hakuhitaji vipimo kamili vya matundu. Ukimwachia, umenunua jengo la kuhamishika na kupewa jengo la kukatwa kwa grinda. Mchomo wa juu ya ngazi pia ni mgumu kukagua kwa macho, ilhali bolti unaijaribu kwa spana. Yaandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza. Na makubaliano ya kodi nayo yaseme wazi kwamba jengo ni la mpangaji, maana mwenye ploti anaweza kudai kilichofungwa kwenye ardhi yake ni chake.

Mawe yana majibu yake, na si ya kupuuzwa. Bati la geji 30, ambalo ni jembamba kuliko la geji 28, halizuii mlio wa grinda. Huutoa nje na kuuongezea sauti yake. Mwenye karakana katikati ya mtaa wa makazi ataujua ukweli huo kupitia jirani yake, kisha kupitia NEMA, mamlaka ya mazingira. Ukuta wa mawe humeza kelele, na moto ukizuka unauchelewesha kufika kwa jirani. Chuma hakiwaki, lakini kwenye joto la nyuzi 600 hivi hubakiwa na kama nusu ya nguvu zake, na karakana ya seremala ina kuni za kutosha kufika huko. Saa saba mchana jengo la bati tupu ni tanuri. Alfajiri ya Julai hugeuka: bati lililopoa usiku kucha hutoka jasho kwa ndani na matone yanaiangukia mashine ya kukereza. Hayo yanatibika kwa matundu ya hewa kwenye kilele cha paa, tabaka la kuzuia joto na kuta za kwenda juu zaidi, ila kila tiba ina risiti yake.

Halafu kuna wezi. Ukuta wa bati unafunguliwa kwa bisibisi au mkasi wa bati, bila kishindo. Biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku Januari 2022 baada ya minara ya stima kuhujumiwa, ikaruhusiwa tena Mei mwaka huohuo. Watu waliothubutu kung'oa chuma cha mnara wa umeme hawataogopa ukuta wako. Ndiyo sababu napendelea mchanganyiko: fremu ya chuma, kuta za mawe hadi urefu unaozidi mtu, bati juu yake. Si mrembo wa picha, lakini unazuia mwizi na maji ya mvua yanayoruka kutoka ardhini. Anayepanga kuhama atakuwa ameacha mawe tu.

Kibali hakina mjadala mrefu. Wapo wanaodai jengo la bolti ni la muda, kwa hiyo halihitaji ruhusa. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 haitambui ujanja huo. Kujenga bila idhini ya kaunti ni kosa, na ploti ya makazi inahitaji kubadilishiwa matumizi kabla ya kuwa karakana ya biashara. Kanuni za majengo zilizoanza kutumika Machi 2025, zikichukua nafasi ya zile za 1968, zimezidisha tu sababu ya kutumia mhandisi aliyesajiliwa.

Ukitoka mjini kwenda ranchi za Kajiado, mizani inalalia upande wa chuma karibu kila mara. Machimbo ya mawe yako mbali, mchwa wako karibu, jirani wa kulalamika hayupo, na trekta na nyasi kavu zinataka paa pana kuliko kuta. Paa la mita za mraba 200 hutoa lita 200 kwa kila milimita ya mvua, na huko maji hayo yanaweza kuwa na thamani kuliko kivuli.

Linabaki suala la pesa zinavyoingia. Mkenya hujenga polepole: mawe mwezi huu, simiti mwezi ujao. Mawe yanavumilia hali hiyo. Ukuta wa nusu unaweza kungoja mwaka mzima. Muuzaji wa chuma anataka amana kubwa, na nusu ya fremu haina kazi. Hata hivyo jengo la chuma linaweza kukua kwa urefu, nafasi ya mita 5 au 6 baada ya nyingine, ikiwa fremu ya mwisho imetengenezwa na nguvu kamili kama za katikati badala ya ile nyepesi inayowekwa kubana gharama. Nyongeza hiyo ni ndogo leo, na muuzaji hataitaja usipoiulizia.