Robert Horry na mlango wa Springfield

Alfajiri ya Jumatatu moja ya Juni 2005 nilikuwa sebuleni kwa kaka yangu, Dar es Salaam, sauti ya televisheni nimeishusha kabisa ili watoto wasiamke, chai ya rangi imeshapoa kwenye glasi. Detroit ilikuwa bado Jumapili usiku. Huku kwetu mtu anayefuatilia fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, huishi kama mlinzi wa zamu: anaamka saa kumi, anatazama peke yake, halafu anakwenda kazini na macho mekundu akitafuta wa kumsimulia, hampati.

San Antonio Spurs na Detroit Pistons walikuwa wametoshana, mechi mbili kwa mbili (bingwa ni wa kwanza kushinda nne), na hii ilikuwa mechi ya tano. Robert Horry wa Spurs, mzee wa miaka 34, hadi robo ya tatu inakaribia kwisha hakuwa na pointi hata moja. Ungeniuliza saa ile ningekwambia mguu umeisha huo, wampumzishe. Kabla usiku haujaisha alikuwa na pointi 21. Katika muda wa nyongeza, zikiwa zimebaki sekunde 9.4 na Detroit wakiongoza 95 kwa 93, ni yeye aliyepewa kazi ya kuingiza mpira kutoka nje ya mstari. Akampa mwenzake Manu Ginobili. Rasheed Wallace wa Detroit, ambaye mtu wake alikuwa Horry, akamwacha na kukimbilia kona kusaidia kumbana Ginobili. Ginobili akaurudisha mpira kule kule ulikotoka. Pointi tatu. Ikawa 96 kwa 95, sekunde 5.8 kwenye saa. Nilipiga ukelele, watoto wakaamka, na shemeji akatoka chumbani kajifunga kanga anauliza nani kafa.

Tangu siku ile nina hoja ambayo imenigombanisha na nusu ya kijiwe chetu: Horry anastahili kuingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa mpira wa kikapu, kule Springfield, Massachusetts, mji ule ule ambako mwalimu James Naismith alitundika vikapu vya matunda mwaka 1891 na kuuanzisha mchezo wenyewe. Alistaafu 2008. Wenzake wa kizazi kile wameingia mmoja baada ya mwingine. Yeye hayumo.

Wanaonipinga hawahitaji kutafuta sana. Alicheza misimu 16, wastani wake ni pointi 7 kwa mechi na rebaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) zisizofika 5. Hakuitwa hata mara moja kwenye mechi ya Nyota ya katikati ya msimu. Kuna watu wamestaafu na wastani wa pointi 20 na bado wanausubiri mlango ule ufunguliwe. Sasa huyu wa pointi saba aingie kwa sababu gani?

Hapo ndipo watu wa upande wangu huharibu kesi. Wanainua mikono na kuhesabu vidole: pete saba za ubingwa! Houston 1994 na 1995, Los Angeles Lakers 2000, 2001 na 2002, San Antonio 2005 na 2007. Ni kweli, na ukiwaondoa Boston Celtics wa zama za Bill Russell hakuna mchezaji mwenye pete nyingi hivyo. Lakini pete ni mali ya timu. Jim Loscutoff wa Boston ile naye anazo saba na hayumo Ukumbini kama mchezaji, na sijasikia mtu akilia kwa ajili yake. Ukianza kupokea watu kwa idadi ya pete utampokea hata aliyekaa benchi akigawa maji. Hoja ya pete naiacha nje, pamoja na viatu.

Na nimalizie kabisa kuwapa wapinzani silaha. Mchujo wa 2003 (mechi za mtoano baada ya msimu wa kawaida), akiwa Lakers, Horry alijaribu mitupo 38 ya pointi tatu na ikaingia miwili. Miwili! Mechi ya tano dhidi ya Spurs, Lakers wako nyuma kwa pointi mbili, muda unakwisha, mpira unamfikia akiwa peke yake kama kawaida yake. Ukaingia nusu kwenye ringi, ukazunguka, ukatoka. Lakers wakatolewa katika mechi iliyofuata, na Horry akaachwa aende zake. Kwa hiyo anayeniambia kwamba Horry hakukosa dakika za moto, hakuangalia.

Sasa kesi yangu. Mimi natazama dakika, tena zile tano za mwisho. Kocha anaweza kukusifia kwenye magazeti mwaka mzima na maneno hayamgharimu kitu. Lakini tofauti ikiwa ni pointi mbili na zimebaki sekunde arobaini, anachagua watu watano, na uchaguzi ule ni kura anayoipiga na kibarua chake. Horry alipigiwa kura hiyo na Rudy Tomjanovich kule Houston, na Phil Jackson kule Lakers, na Gregg Popovich kule San Antonio. Makocha watatu wenye mifumo isiyofanana hata kidogo, na wote watatu wako Springfield. Lakers mara nyingi walianza na mtu mwingine kwenye nafasi yake: mwaka 2000 A.C. Green, mwaka uliofuata Horace Grant, halafu Samaki Walker (naam, Mmarekani, na jina lake ni Samaki kweli). Wale walianza. Ikifika jioni ya mchezo, anayesimama uwanjani ni Horry.

Kwa kuwa nimemtaja Samaki, mechi ya nne dhidi ya Sacramento Kings mwaka 2002 ilikuwa na maajabu mawili, na watu hukumbuka moja. Kings walikuwa mbele 2 kwa 1 na waliwahi kuongoza mechi ile kwa pointi 24. Kabla tu ya mapumziko Samaki alirusha mpira kutoka mbali, king'ora kikalia mpira ukiwa bado mkononi, waamuzi wakahesabu pointi tatu. Msimu uliofuata NBA ikaanza kuwaruhusu waamuzi kurudia picha za mitupo kama ile. Ajabu la pili ndilo la Horry. Lakers nyuma kwa mbili, Kobe Bryant kakosa, Shaquille O'Neal kakosa, Vlade Divac wa Kings akaupiga mpira kofi uende mbali na ringi, na kule mbali kulikuwa na mtu mmoja amesimama ameelekea kikapu. King'ora, pointi tatu, 100 kwa 99. Badala ya kuwa nyuma 3 kwa 1, Lakers wakasawazisha, wakashinda mfululizo ule katika mechi ya saba, wakatwaa ubingwa. Divac, aliyempelekea mpira, ameingia Ukumbini 2019.

Mtasema bahati. Mpira ulimwangukia. Sawa, mara moja ni bahati. Lakini jiulize kwa nini alikuwa pale. Shaq na Kobe wote wamevamia chini ya ringi, kila mtu wa Kings amevutwa na sumaku ya wale wawili. Mchezaji wa kawaida katika hali ile naye hukimbilia chini, kwa sababu macho ya dunia yako chini. Nacheza kikapu cha mtaani tangu nikiwa kidato cha pili na nawaambia kwa uzoefu wa mtu asiyepewa mpira: kubaki mahali pako, magoti yamekunjwa, mikono tayari, wakati wenzako wanagombania utukufu chini ya ringi, ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mwalimu wetu alikuwa akitufokea kwa neno moja tu, "Nafasi!", na bado tulijazana kwenye mpira kama kuku kwenye pumba.

Na hakuwa mtu wa mitupo tu. Mwaka 1995 Houston walimtoa Otis Thorpe kumpata Clyde Drexler, wakabaki bila mtu wa misuli wa kusimama karibu na nguzo yao, Hakeem Olajuwon. Horry, mwembamba wa watu, akahamishiwa pale. Badala ya kusukumana chini, alitoka nje kwenye mstari wa pointi tatu na kumvuta mlinzi wake amfuate, na Olajuwon akabaki na uwanja wa kuchezea. Leo kila timu ina mrefu wa aina hiyo, ni jambo la kawaida mno hata halitajwi. Houston walimaliza nafasi ya sita upande wao, wakawa mabingwa, hakuna timu iliyowahi kutwaa ubingwa kutoka chini kuliko hapo. Katika mechi ya pili ya fainali ile dhidi ya Orlando, Horry alipora mipira saba. Ni rekodi ya mechi moja ya fainali. Sijui kwa nini hata mashabiki wake huisahau, nadhani kwa sababu kupora mpira hakuna king'ora.

Je, Ukumbi hauwajui watu wa namna hii? Unawajua. Kura zinazotakiwa ni 18 kati ya 24 za kamati, na kamati ile imeshaonyesha kwamba inaweza kusoma kazi isiyo ya kufunga. Dennis Rodman yumo na wastani wa pointi 7.3. Ben Wallace yumo na 5.7. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, aliingia 2015 kwa mkono wake wa kuzuia, hakuna aliyehoji pointi zake. K.C. Jones yumo tangu 1989 na wastani wa 7.4. Halafu mwaka 2024 akaingizwa Michael Cooper wa Lakers ya Magic Johnson, mtu wa kutokea benchi, wastani usiofika pointi 9, hajawahi kuwa kwenye mechi ya Nyota. Siku hiyo niliwatumia watu wa kijiwe ujumbe usiku wa manane. Hakuna aliyejibu.

Tofauti, wataniambia, ni kwamba wale wana vyeti. Cooper alikuwa Mlinzi Bora wa Mwaka 1987. Ben Wallace na Mutombo wana tuzo hiyo mara nne kila mmoja. Rodman aliongoza ligi kwa rebaundi misimu saba. Jones ana medali ya Olimpiki na vikombe vya chuo. Kweli. Lakini angalia tuzo zilivyopangwa: kuna ya kufunga, kuna ya kulinda, kuna ya mchezaji bora wa kutokea benchi. Ya dakika za mwisho haikuwapo. NBA waliianzisha msimu wa 2022-23, miaka 15 baada ya Horry kustaafu, na hata hiyo inatazama msimu wa kawaida, si mchujo. Mtu amefanya kazi ambayo ofisi haikuwa na fomu yake, kisha anaulizwa fomu iko wapi.

Jamaa yangu mmoja, mbishi kuliko wote, ana swali zuri. Ukimwingiza Horry, utamzuia vipi Derek Fisher na mtupo wake wa ushindi zikiwa zimebaki sekunde 0.4 mwaka 2004? John Paxson wa 1993? Steve Kerr wa 1997, aliyepokea pasi ya Michael Jordan na kumaliza fainali? Jibu langu si safi sana. Paxson ana usiku mmoja mkubwa, Kerr kadhalika, na usiku mmoja unatosha kujengewa sanamu moyoni mwa mji, si kupelekwa Springfield. Fisher ananisumbua, ana pete tano na roho ngumu. Ila zote tano alizitwaa Lakers, chini ya kocha yule yule, akiwa na Kobe yule yule. Horry ulimhamisha nyumba tatu na kila nyumba alipewa kazi ile ile jioni. Mstari wangu nauchora hapo, nami nakubali kwamba nimeuchora kwa mkono.

Jamaa huyu hapendi Horry kwa sababu ya hadithi nyingine, na ni hadithi ya kweli. Februari 1994 Houston walishamuuza. Alikwenda Detroit, hao hao Detroit, kubadilishana na Sean Elliott. Vipimo vikaonyesha Elliott ana tatizo la figo, biashara ikavunjika, Horry akarudishwa Houston kama mzigo ulioandikwa anuani vibaya. Juni akawa bingwa. Kwa jamaa yangu huo ndio ushahidi wa mwisho: maisha yote ya Horry yametegemea figo ya mtu mwingine. Kama si figo ile, anasema, angezeekea Detroit na leo tusingekuwa tunagombana.

Sina jibu la figo. Huwa namrudisha kwenye ile alfajiri ya 2005 na kumwambia avae jezi ya Detroit yeye mwenyewe. Uko mbele kwa pointi mbili, zimebaki sekunde tisa, na ukitaka kumbana Ginobili kwenye kona lazima mmoja wa Spurs abaki bila mtu. Utamwacha nani? Nimemuuliza miaka nenda miaka rudi, na ameshataja wengine watatu wote, hata nyota wao Tim Duncan. Horry hajawahi kumtaja.